Mchoraji, Kichora na Mchoreshaji

Mtu ameandika sentensi moja: "Bibi amebeba ndoo ya samaki kichwani, anashuka kutoka kwenye mashua alfajiri." Amebonyeza kitufe. Muda si mrefu kioo cha simu kinamwonyesha bibi akikanyaga maji ya magotini, ndoo kichwani, jua likichomoza nyuma ya tanga. Aliyeandika anamgeukia mwenzake: "Tazama video niliyotengeneza." Mwenzake anauliza, "Umetengeneza wewe au imetengeneza mashine?" Ubishi wa namna hii huchukuliwa kuwa wa teknolojia, au wa sheria. Mimi nauona kwanza kuwa ubishi wa kitenzi. Kiima cha kutengeneza ni nani hapa? Na je, kutengeneza ndilo neno lenyewe?

Zana zenyewe zimekuja kwa kasi. Septemba 2022 kampuni ya Meta ilionyesha Make-A-Video, na mwezi uliofuata Google ikaonyesha Imagen Video. Mwaka 2023 Runway ikatoa Gen-2. Februari 2024 OpenAI ikatangaza Sora, jina ambalo kwa Kijapani maana yake ni anga, ikisema kwamba inaweza kutoa video ya hadi dakika nzima. Mei 2025 Google ikaleta Veo 3, inayotoa picha pamoja na sauti. Anayetaka leo kuunda programu ya kugeuza wazo dogo kuwa onyesho la video halazimiki kufunza modeli yake mwenyewe. Huunganisha programu yake na modeli za wengine, kisha kinachobaki mikononi mwake ni uso wa programu: kisanduku cha kuandikia, vitufe, maelezo ya pale mambo yanapokwenda mrama. Kwa maneno mengine, kinachobaki ni maneno. Akiamua programu hiyo iwe ya Kiswahili, kila kitufe ni uamuzi wa istilahi.

Rai yangu ni hii: majina ya vitu katika zana kama hizi na yakopwe bila aibu, lakini vitenzi tuvichague kwa mkono mzito, kwa kuwa kitenzi ndicho kinachogawa kazi, sifa na lawama kati ya mtu na mashine.

KUPAKUA NA NGAMIZI

Njia hii tumewahi kuipita. Kompyuta zilipoingia, lilipendekezwa neno ngamizi. Kenya ikapokea tarakilishi, neno lililounganishwa kutoka tarakimu na akili. Mtaani watu wakaendelea kusema kompyuta, na ndivyo wasemavyo hadi leo. Jina la kitu, likishafika na kitu chenyewe, ni vigumu kulifukuza.

Sasa tazama kupakua. Neno hili lilikuwa bandarini na jikoni zamani sana: shehena hupakuliwa kutoka chomboni, wali hupakuliwa kutoka chunguni. Lilipohamia kwenye faili halikuhitaji kuelezwa, na mwenzake, kupakia, akalifuata. Hakuna aliyelazimishwa kusema kupakua. Lilikuwa tayari kitenzi cha kutoa kitu kilikowekwa na kukifikisha kwa anayekihitaji.

Tofauti hii si bahati tu. Menyu ya kompyuta kwa sehemu kubwa ni orodha ya vitenzi vilivyo katika hali ya kuamuru: fungua, hifadhi, nakili, bandika, futa. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi kwa Kiswahili, ulithibitisha kwamba mtu anaweza kufanya kazi yake ya kila siku akiiamuru kompyuta kwa lugha yake. Nomino alizikuta zimekopwa, nazo hazikumzuia.

Hata jina la teknolojia tunayoizungumzia halijatulia. Tanzania neno linalosikika sana kwenye hotuba na ofisini ni akili mnemba. Kwingine utasikia akili bandia, na kwingine akili unde. Bandia lina sura mbili: meno ya bandia humsaidia mzee kutafuna, noti bandia humpeleka mtu mahakamani. Unde limetungwa kwa ustadi wa kisarufi, kwani limetoka kwenye unda kama kiumbe kilivyotoka kwenye umba: kilichoumbwa ni kiumbe, iliyoundwa ni unde. Nayapenda yote matatu kwa sababu tofauti, na sioni hasara yakiishi pamoja kwa muda. Ninachokitafuta kiko chini zaidi, ndani ya kisanduku cha kuandikia.

KIDOKEZO

Yale maneno ambayo mtu huyaandika ili mashine ifanye kazi, vijana wanayaita prompti. Waliotafuta neno la Kiswahili wamependekeza agizo, amri, maelekezo na kidokezo. Yote yanaweza kufaa, lakini hayasemi jambo moja.

Agizo hutoka kwa mwenye mamlaka na linadai kutekelezwa lilivyo. Kidokezo ni kinyume chake: msemaji anatoa kidogo, msikilizaji anakamilisha. Anayedokeza amekubali kwamba mwenzake atajaza. Ukiandika "bibi anauza samaki sokoni" hujaagiza chochote kamili. Hujasema bibi ana umri gani, kanga yake ni ya rangi gani, samaki ni changu au dagaa, soko lina paa au liko wazi, kamera iko wapi. Mashine itajaza yote hayo. Katika taarifa ya kiufundi waliyoitoa pamoja na Sora, watafiti wa OpenAI walieleza wazi kwamba sentensi fupi ya mtumiaji hupitishwa kwanza kwenye modeli ya lugha, ikarefushwa kuwa maelezo marefu, na maelezo hayo ndiyo yanayopelekwa kwenye modeli ya video. Kwa hiyo kati ya wazo lako na picha kuna mwandishi wa pili ambaye humwoni.

Ndiyo maana mimi ningekuwa na maneno mawili, na visanduku viwili. Cha kwanza kingeitwa kidokezo: andika wazo lako, hata liwe la maneno matano. Cha pili kingeitwa maelekezo: haya ndiyo mashine iliyoyajaza kutokana na kidokezo chako, yasome, rekebisha, kisha endelea. Mtumiaji akiona imeandikwa "mwanamke mzee aliyevaa kanga ya manjano, soko la mjini lenye mwanga wa umeme", anaweza kusema hapana, soko ni la ufukweni na kanga ni nyekundu. Asipoonyeshwa kisanduku cha pili, ataidhani picha ni ya kwake yote, kumbe nusu yake ilichaguliwa na mwingine.

Kiswahili nacho kina tabia zake ambazo mjenzi wa zana lazima azijue. Lugha inaweza kunyamaza mahali ambapo picha haina ruhusa ya kunyamaza. Nikiandika "daktari anaingia, anamsalimia mgonjwa", sijasema kama daktari ni mwanamume au mwanamke, wala mgonjwa. Kiambishi a- hakiulizi. Lakini picha haiwezi kumwonyesha mtu asiye na uso. Zana inayotafsiri Kiswahili kwenda Kiingereza kabla ya kuchora italazimika kuchagua mara ya kwanza kwenye kiwakilishi na mara ya pili kwenye uso, na chaguo hilo litaegemea mazoea ya data iliyoifunza.

Kuna pia suala la njeo. "Amevaa kanzu" na "anavaa kanzu" ni sentensi mbili zinazotofautiana kwa silabi moja, lakini kwa mpiga video ni maonyesho mawili. Katika la kwanza kanzu iko mwilini tayari, mtu anaweza kuwa amekaa barazani anakunywa kahawa. Katika la pili mikono iko hewani na kichwa kinatafuta njia ya kutokea. Vivyo hivyo amelala na analala, amesimama na anasimama, amebeba na anabeba. Kiambishi -me- cha Kiswahili mara nyingi hutaja hali iliyopo sasa baada ya tendo kukamilika. Mfasiri wa pupa hukigeuza kuwa wakati uliopita, na bibi wetu wa kwanza, aliyebeba ndoo, anaonekana ameshaitua.

Halafu majina ya vyombo. Mtumbwi umechongwa kwenye gogo moja. Ngalawa ni mtumbwi uliotiwa matengo ubavuni ili usipinduke. Dau limechongoka omo na tezi, mashua tezi yake ni bapa, na jahazi ni kubwa kuliko vyote hivyo. Kwa Kiingereza, vyombo vya tanga vya pwani ya Waswahili kwa kawaida huingizwa kwenye neno moja tu, dhow, na anayepitia huko kabla ya kufika kwenye picha atarudishiwa chombo kile kile kila mara, awe ameandika dau, mashua au jahazi. Sentensi ilikuwa na ufundi wa mabaharia wa Unguja na Lamu, picha ikatoka na tanga la kadi ya posta.

Sababu iko kwenye data. Modeli za picha hujifunza kwa jozi: picha na maelezo yake. Mkusanyiko wa LAION-5B, uliotolewa mwaka 2022, una jozi zaidi ya bilioni 5, na lugha yenye sehemu kubwa kuliko zote ni Kiingereza. Anayetaka zana ijue tofauti ya dau na mashua hana budi kutafuta picha za dau na mashua na kuziandikia maelezo kwa majina hayo. Kazi ya istilahi hapa haiishii kwenye kitufe. Inashuka hadi kwenye chakula ambacho modeli inalishwa.

ONYESHO, SINI, STERINGI

Zana inageuza wazo kuwa nini? Neno la Kiingereza lililoko kwenye programu nyingi, scene, lina watoto watatu kwa Kiswahili, nao hawafanani.

Mandhari ni mahali jinsi panavyoonekana. Asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi wa kutazama, mzizi ule ule uliotupa nadharia. Ukichora mandhari bila mtu ndani yake, bado ni mandhari. Tukio ni kinachotokea: mtu anateleza, mlango unafunguka, ndoo inaanguka pu na samaki wanatapakaa. Onyesho ni viwili hivyo vikiwa pamoja, mahali pamoja na wakati mmoja, vikitazamwa na hadhira. Waandishi wetu wa tamthilia wamelizoea neno hili. Vitabu vyao hugawanywa katika sehemu au matendo, na ndani yake maonyesho. Kwa zana inayochukua sentensi na kutoa video fupi, onyesho ndilo neno sahihi. Akiandika mtu "ufukwe wa Jambiani saa sita mchana", ameomba mandhari, na zana yenye adabu ingemuuliza: nini kinatokea hapo?

Lakini nenda kwenye kundi la waigizaji wa Bongo Movie uwasikilize. Wanasema sini: "Leo tunashuti sini ya msibani." Wana dairekta, kameramani, edita na lokesheni. Maneno haya yamevaa sauti za Kiswahili, yanachukua viambishi vya Kiswahili, na yanafanya kazi kila siku. Mtu anayeishi kwa kushuti akifungua programu na kukuta sini, atajua afanye nini. Akikuta onyesho, atajua pia. Sioni vita hapo. Onyesho liwe kwenye kitufe, sini liwe kwenye maneno ambayo kisanduku cha kutafutia kinayatambua.

Katika maneno ya kuazima hakuna linalonipendeza kama steringi. Limetokea kwenye mabango na majina yanayopita mwanzoni mwa filamu, na kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea filamu, likawa jina la yule shujaa ambaye hafi mpaka picha iishe. Wahakiki wana mhusika, neno zuri la darasani linalowajumuisha wote, mwema na mwovu. Steringi ni mmoja. Na tatizo gumu kuliko mengi kwa anayeunda zana ya video ni kwamba steringi habaki yule yule. Veo 3 ilipotoka ilitoa vipande vya sekunde 8. Kwa fremu 24 kila sekunde, hizo ni fremu 192. Ndani ya kipande kimoja uso unaweza kudumu. Ukiomba kipande cha pili, anaweza kuja mtu mwenye kanga ile ile na sura nyingine. Hadithi ya dakika mbili inahitaji vipande kumi na tano, na steringi kumi na watano ni umati.

Wajenzi wanahitaji neno la sifa hii ya onyesho moja kushikana na jingine bila uso, nguo wala mwanga kuruka. Nashangaa kuwa hawajalichukua muwala, neno ambalo walimu wa fasihi na uandishi nchini Kenya wanalitumia kwa insha ambayo mawazo yake yanafuatana bila kukatika. Insha isiyo na muwala hupoteza alama. Video isiyo na muwala humpoteza mtazamaji. Kitufe kinachosema "linda muwala" kingeeleweka na mwanafunzi wa kidato cha pili.

Tukiwa vibandani, tusiwasahau watu walioifanya kazi hii kinyumenyume. Wasimulizi wa filamu kama DJ Afro wa Kenya na Lufufu wa Tanzania walipata umaarufu kwa kuchukua filamu ya kigeni na kuisimulia kwa Kiswahili juu ya picha inayokwenda: nani anaingia, amekasirikaje, ngumi imetua wapi. Wao wametoka kwenye picha kwenda kwenye maneno, zana hizi zinatoka kwenye maneno kwenda kwenye picha. Anayetafuta Kiswahili cha kueleza mwendo, kuanzia chubwi ya mtu anayetumbukia majini hadi jii ya chumba kilichonyamaza, atakikuta kwa wingi katika masimulizi yao kuliko katika kamusi yoyote. Na sasa zana zinapotoa sauti pamoja na picha, tanakali hizi zimepata kazi ya pili: anayeandika chubwi ameagiza picha na sauti yake kwa neno moja.

CHENGA

Tuingie kidogo ndani ya mashine. Nyingi za modeli hizi hufanya kazi kwa mbinu iliyoanza kuelezwa mwaka 2015 na kupata nguvu mwaka 2020. Wakati wa kufunzwa, modeli hupewa picha safi, kisha picha hiyo huharibiwa hatua kwa hatua kwa nukta za ovyo mpaka isibaki kitu kinachotambulika. Modeli hujifunza kukisia ni uchafu gani ulioongezwa. Ikishajua hivyo, inaweza kuanza na uchafu mtupu na kuupunguza hatua kwa hatua, ikiongozwa na maneno ya mtumiaji, hadi picha ijitokeze.

Watafsiri huuita uchafu huo kelele, kwa kuwa neno la Kiingereza, noise, linahusu sauti. Kelele kwenye picha? Kiswahili kina neno lake, na kila aliyewahi kugeuzageuza antena juu ya bati analijua: chenga. Televisheni ikikosa mawimbi inaonyesha chenga, na mtu asiyeelewa somo anasema anaona chenga. Asili yake ni zile punje za mchele zilizovunjika, zinazotengwa kwa chekeche. Basi mtu anashawishika kusema kwamba modeli huchekecha chenga hadi picha ibaki. Sentensi ni tamu, lakini inadanganya mahali pamoja: kwenye chekeche mchele ulikuwapo tangu mwanzo, umefichwa na chenga. Hapa hapakuwa na picha. Chini ya chenga hakuna bibi anayesubiri kufunuliwa; yupo bibi anayekisiwa, hatua baada ya hatua, kutokana na mamilioni ya picha za mabibi wengine.

Kwa hiyo chenga nalichukua, kuchekecha naliacha, na mahali pake naweka kukisia. Neno hili lina faida nyingine. Mashine inapochora mkono wenye vidole sita, wapo wanaosema imeona maruweruwe. Maruweruwe humpata mwenye homa kali, mwenye akili iliyokuwa timamu ikachafuka. Mashine haikuwa na homa. Ilikisia, na safari hii ilikisia vibaya. Ujumbe wa kosa unaosema "Nimekisia vibaya mkono wa mhusika, nijaribu tena?" ni wa kweli kuliko ule unaojisingizia ndoto.

KITENZI CHENYEWE

Tumefika kwenye kitufe kikubwa, kile cha chini kulia. Kiandikwe nini?

Umba halifai. Muumba ni mmoja, na hata mfinyanzi, ambaye zamani aliumba vyungu, leo anaridhika na kufinyanga. Tunga ni la mtu anayepanga: shanga hutungwa, samaki hutungwa kwenye uzi, mashairi hutungwa, na anayetunga anajua kwa nini ushanga huu umetangulia ule. Buni linadai wazo, na wazo lilikuja na mwandishi wa kidokezo. Unda ni la mafundi wa vyombo, waliounda majahazi mbao kwa mbao. Linaifaa kazi ya aliyeijenga programu kuliko kazi ya programu yenyewe. Zalisha ndilo linalotumiwa zaidi na watafsiri, na lina mzaha ndani yake: kiwandani kuzalisha ni kutoa bidhaa, lakini wodini mkunga ndiye anayezalisha, na mtoto si wake. Fyatua limekaa vizuri kwa tofali na kalibu yake, moja baada ya jingine, yote sawa. Yako maudhui mtandaoni ambayo neno hilo linayastahili.

Mimi ningeandika chora. Kitenzi hiki hakijivuni. Mtoto anachora chini kwa kijiti, fundi anachora ramani ya nyumba, na sasa mashine inachora fremu 192. Hakidai roho wala nia. Kinasema tu kwamba mahali ambapo hapakuwa na umbo, sasa kuna umbo.

Hapo ngeli nazo zinaingia kazini. Kiswahili kinapotaja mtendaji kwa kuunganisha kitenzi na nomino, kina milango miwili. Mpiga picha, mchora katuni, mfua chuma: hao ni watu. Kinasa sauti na kipaza sauti: hivyo ni vifaa. Silabi ya kwanza inatosha kukwambia kama unayezungumza naye ana mama. Kinachochora ni kichora: kichora onyesho, kama kinasa sauti. Siku mtu akikiita mchora onyesho, atakuwa amekihamisha kutoka ghalani hadi barazani, na hatakuwa ameshauriana na yeyote. Nawasikia watu wakisema "ameniambia" kuhusu programu ya kuandika. Katika mazungumzo ya haraka nitasamehe. Kwenye kitufe, kwenye mkataba na kwenye habari ya gazeti, ki- ibaki ki-.

Na yule aliyeandika sentensi? Hakuchora, lakini bila yeye kusingechorwa kitu. Sarufi yetu ina mahali pake pa kumweka, mahali ambapo kila mwanafunzi wa mnyambuliko amepapita: kauli ya kutendesha. Anayepeleka kitambaa kwa fundi cherehani anashonesha. Anayemlipia mtoto karo anasomesha. Anayeandika kidokezo na kubonyeza kitufe anachoresha. Kichora kinachora, mtu anachoresha.

Najua pingamizi litakalokuja, nalo lina uzito. Waswahili wenyewe hawaijali sana tofauti hii. Mtu wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kushika mwiko anasema "nimejenga Kimara", na hakuna anayemwita mwongo. Aliyekwenda studio akakaa kwenye kiti mbele ya kamera anarudi na kusema "nimepiga picha", ilhali yeye ndiye aliyepigwa. Lugha inampa kitenzi aliyegharamia na aliyekusudia. Kwa nini basi aliyechoresha asiseme nimechora?

Aseme, nyumbani kwake. Lakini sikiliza inavyokuwa ukuta wa Kimara unapopasuka. Hapo hapo "nimejenga" inavunjika vipande: nani alijenga, nani alichora ramani, nani alisema nondo zipunguzwe. Vitenzi vilivyokuwa vimelala pamoja vinaamka na kila kimoja kinamtafuta mwenyewe. Video nazo zina nyufa zake. Kiongozi anaonyeshwa akisema asichokisema, mwanamke anawekewa mwili usio wake, msiba unatangazwa ambao haukutokea. Swali linalofuata huwa ni nani, na "mashine imetengeneza" ni jibu ambalo mkosaji angelipenda kuliko mtu yeyote.

Wanasheria wamelikaribia jambo hili kwa njia yao. Januari 2025 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilitoa ripoti iliyohitimisha kwamba, kwa teknolojia ilivyokuwa wakati huo, kuandika kidokezo peke yake hakumfanyi mtu kuwa mtunzi wa kinachotolewa na mashine; mtu huyo anaweza kudai alichokiongeza, alichokipanga au alichokirekebisha mwenyewe. Kwa Kiswahili ningeifupisha hivi: kuchoresha si kutunga, ila anayechoresha anaweza pia kutunga, na sehemu hiyo ni yake. Hilo linamfaa hata msanii. Aliyeandika hadithi yenye muwala, akarekebisha maelekezo kisanduku kwa kisanduku, akachagua vipande na kuvipanga, ametunga kweli. Aliyeandika maneno matano akabonyeza, amechoresha. Zana inaweza kuandika yote mawili bila kumvunjia mtu heshima.

Kuna neno la mwisho la kulitazama, nalo ni onyesho lenyewe. Wapo wanaosisitiza tuseme onesha, kwa kuwa limetoka kwenye ona. Wanaoshika onyesha wanaweza kujibu kwamba limepitia kwa ndugu yake wa kale, onya. Onya nalo lilikuwa kumfanya mtu aone. Maana yake ikasogea hadi kumfanya aone hatari kabla haijamfika. Kwa hiyo onyesho na onyo ni watoto wa nyumba moja, na anayetoa la kwanza anaweza kudaiwa la pili. Tayari baadhi ya kampuni huweka alama kwenye video zao. Google imekuwa ikitumia SynthID tangu 2023, alama iliyofichwa ndani ya picha ambayo jicho haliioni lakini programu huisoma. Alama ya siri ni nzuri kwa mpelelezi. Mtazamaji wa kawaida anahitaji maandishi.

Maandishi hayo yawe mafupi na yawe na watendaji wawili. "Imetengenezwa kwa akili mnemba" haitoshi, kwa sababu imekitaja kichora na kumficha mtu. Pembeni mwa kila video inayotoka kwenye zana hiyo ningependa kusoma: "Imechorwa na kichora, imechoreshwa na" kisha jina. Kichora hakitaona haya likiandikwa lake. Mchoreshaji akisita kuandika la kwake, tumeshajua la kumuuliza.